Aliyefunga Mlimani

Vijana, najua mnaniita Filipo Mwoga. Mnadhani sisikii, lakini mimi nimestaafu miguu, sijastaafu masikio. Jina hilo nililipata kabla baba zenu hawajaoa, na sijawahi kulikataa. Miaka yote niliyoongoza wageni kupanda Kilimanjaro niliogopa kila siku, asubuhi nikifunga kamba za viatu na jioni nikizifungua. Kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Mashujaa niliopanda nao nimewazika kadhaa. Mimi niko hapa Kilema, barazani kwangu, naota jua na kugombana na mbuzi wa jirani.

Sasa mmekuja na soda na biskuti, mnataka niwape siri za kazi kabla hamjaanza kuongoza wageni ninyi wenyewe. Siri ni moja: ogopeni. Ila neno hilo likikaa peke yake halimfundishi mtu, kwa hiyo nitawaeleza habari ya mgeni mmoja aliyenitia hofu kuliko wote. Alikuwa Mhabeshi, padre wa kanisa lao la kale, na jina lake Abba Wolde.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipoachia kila mtu afanye biashara. Zamani kampuni za kupandisha wageni zilikuwa chache na kila mtu alizijua. Ghafla kila mwenye pikapu na sufuria kubwa akawa na kampuni. Mjini Moshi vibao vya mlima na tembo vilijaa mpaka fundi cherehani mmoja wa Majengo naye akachora chake, akawa anashona suruali huku na kuuza safari huku. Nguo za baridi tulizitafuta kwenye mitumba. Mimi nilipanda miaka mingi na koti la kike lenye maua yaliyotariziwa mfukoni. Mnacheka, lakini sijapata tena koti lenye joto kama lile.

Ushindani ulipozidi, matajiri wenye kampuni wakaleta sheria mpya: mgeni lazima afike juu, asije akaenda kwao kuwasema vibaya. Tajiri wangu alikuwa na ofisi ya chumba kimoja kule Njoro. Siku moja akaniita.

"Filipo, kuna padre wa Ethiopia anakuja na mpwa wake. Ni mzee kidogo. Mfikishe."

"Mzee kidogo ni mzee kiasi gani?"

"Utamwona."

Nikamwona. Alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunika shuka nyeupe ya pamba na kilemba cheupe kichwani. Mkono mmoja alishika fimbo ndefu yenye kichwa kama herufi T, ambayo mapadre wao huiegemea katika ibada zao za kusimama saa nyingi. Mkono wa pili alishika msalaba mdogo wa mbao. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba." Akaninyooshea ule msalaba. Mimi kwa woga wa kukosea nikaushika nikautikisa, kama mtu anayepeana mkono na mwenyekiti wa kijiji. Mpishi wangu, Shabani wa Majengo, akageuka upande akajifanya anakohoa. Kumbe kwao msalaba ule hubusiwa, na padre hukugusa nao paji la uso.

Mpwa wake aliitwa Hirut, dada mmoja mtulivu, muuguzi aliyekuwa amefanya kazi Nairobi mpaka Kiswahili kikamwingia. Nikamuuliza maswali ya kazi. Moyo wa Abba ukoje, kifua kikoje, mara ya mwisho aliugua nini. Yote yalikuwa sawa. Nikauliza la mwisho, ambalo ndilo kubwa: anakula nini?

"Sasa tuko kwenye mfungo wa kabla ya Pasaka," akasema Hirut. "Hali nyama, wala maziwa, wala siagi, wala mayai. Na hatii kitu mdomoni mpaka saa tisa."

"Saa tisa yetu au ya Wazungu?"

Akacheka. "Kwetu tunahesabu saa kama ninyi. Jua likichomoza ndiyo siku inaanza. Saa tisa yenu ndiyo saa tisa yetu."

Nikafurahi kidogo, maana sikujua kuna watu wengine duniani wanaohesabu saa kwa akili. Halafu akamalizia, "Wala maji hanywi."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nanyi kama mmesikiliza vizuri, mmeogopa pia. Kule juu hewa ni kavu, kila pumzi inatoka na maji yako. Mtu asiyekunywa damu yake inakuwa nzito, kichwa kinamgonga, akili inapotea, na baada ya hapo mlima unamchukua bila kelele. Mwalimu wangu, Mzee Aloisi, aliyenifundisha kazi hii toka nilipokuwa mpagazi, alikuwa akisema mlima haupandwi kwa miguu, unapandwa kwa sufuria. Sheria yake ilikuwa moja: anayekataa chakula mara mbili anarudishwa, hata akiwa mfalme. Na huyu wangu alikuwa anakataa chakula kabla hatujatoka mjini.

Mimi nami nilikuwa kwenye Kwaresima, Mkatoliki mzuri tu, nimeacha pombe ya mbege na nyama ya nguruwe, najiona mtakatifu. Lakini Kwaresima yangu iliruhusu ugali na maharage saa sita mchana.

"Sisi tukiwa safarini tunaruhusiwa kufungua, tunalipa siku nyingine," akasema Shabani, ambaye Ramadhani haikumpita. "Muulize, kwao hakuna hiyo?"

Hirut akauliza. Abba akatikisa kichwa taratibu. Safari yenyewe, alisema, ndiyo mfungo.

Tukaondoka. Shabani nampa heshima yake. Mpishi wa mlimani amezoea mayai, maziwa ya unga na siagi ya kopo. Vyote hivyo vikawa haramu. Akaenda kusagisha dengu, akazipika na vitunguu na pilipili katika mafuta ya alizeti mpaka zikawa mchuzi mzito. Akapika mtori wa ndizi bila nyama, jambo ambalo kwa Mchagga ni kama harusi bila bwana harusi. Siku ya kwanza, pale kambi ya Mandara, saa tisa ilipogonga tulikuwa tumeshafika, maana nilikuwa nimekata safari fupi makusudi. Abba alisali, akala dengu zile, akasema neno. Hirut akatafsiri: "Anasema lazima bibi yake mpishi alitoka kwetu." Shabani akavimba kichwa mpaka tuliporudi.

Hapo Mandara ndipo wapagazi walipoanza kunong'ona. Ile hadithi ya Meneliki mnaijua, maana hata ninyi mtaisimulia kwa wageni: kwamba mwana wa Mfalme Suleimani na Malkia wa Sheba, akitoka vitani, alihisi mauti yanamjia, akapanda mlima huu na hazina yake, akalala ndani ya shimo la kilele cha Kibo na pete ya baba yake kidoleni. Sasa amekuja Mhabeshi mzee, na fimbo, na msalaba. Wawili wakanifuata wakasema Abba amefuata pete, na mlima utakasirika, nao wana watoto. Sikuwacheka. Usimcheke mtu anayeogopa mlima, hata kama anaogopa kitu kisichokuwepo.

Nikamwuliza Hirut mbele yao wote. Abba alipoelewa alicheka mpaka akashika ubavu.

"Anasema vitabu vyetu havisemi kwamba Meneliki alikufa huku," Hirut akaeleza. "Ila bibi yake alisema hivyo, na bibi yake alikuwa mkali kuliko vitabu. Pete hataki. Amekuja kwa nadhiri."

Kisha akaacha kutafsiri akaeleza mwenyewe, kwa sauti ya chini. Alipokuwa msichana wa shule, askari wa serikali iliyokuwapo kwao wakati ule waliwachukua yeye na wenzake darasani. Abba, ambaye ndiye aliyemlea, akaweka nadhiri: Hirut akirudi hai, atakwenda kusimama mbele za Mungu juu ya mlima wa Meneliki, akiwa amefunga. Hirut akarudi. Wenzake wengi hawakurudi. Halafu ikawa vita, ikawa mipaka kufungwa, ikawa shida juu ya shida, na nadhiri ikazeeka pamoja na mwenye nadhiri. "Hajawahi kuniambia niandae safari," akasema. "Nilimwona tu kila Pasaka anazidi kuinama."

Basi mnaona nilivyobanwa. Nikimrudisha, nimemvunjia nadhiri iliyomgharimu nusu ya maisha yake. Nikimpeleka, nitamshusha mbele ya Hirut akiwa amefungwa kwenye machela. Nilisali rozari nzima nikichunguza midomo ya yule mzee.

Hapa niwape la kazi. Mgeni usimwulize kama anajisikia vizuri, atakudanganya, amelipa ili akudanganye. Mwambie afungue kamba za kiatu azifunge upya. Vidole vikifanya kazi, akili ipo. Akianza kuzitazama zile kamba kama hajawahi kuziona, mshushe hapo hapo, msijadiliane.

Siku tulipofika Horombo, kambi ya pili, kabla ya saa tisa, nilimwambia Abba afunge kamba. Akainama. Akashika ncha moja. Akaishika muda mrefu, akiitazama.

Hirut akamwita jina, naye akashtuka, akafunga kamba zote mbili vizuri tu. Lakini mimi nilishaona nilichoona. Alipokwisha kula nikaingia kwenye kibanda chao.

"Kesho tunashuka," nikamwambia Hirut. "Mwambie."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nitatafsiri, lakini mtazame yeye."

Nikamtazama nikasema. Hakukasirika wala hakubembeleza. Aliuliza kitu kimoja.

"Anauliza unaogopa nini," akasema Hirut.

Wanangu, wageni wameniuliza mlima una urefu gani, kama kuna chui, kama choo kina mlango. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikajikuta nimekaa chini na kuwaeleza habari za Kijiko.

Kijiko alikuwa mpagazi mwenzangu nilipoanza kazi, kijana wa Rombo, mcheshi. Tulimwita hivyo kwa sababu alitembea na kijiko chake mfukoni na hakumwazima mtu. Sasa sikieni ajabu: mwenye kijiko alikuwa hali. Mkate aliogawiwa na sukari alivifunga kwenye shati la pili, ampelekee mama yake na wadogo zake. Akiulizwa, anasema ameshakula. Kwenye ule uwanda mtupu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo ukungu ukashuka, kila mtu akatazama visigino vya aliyemtangulia, na yeye alikuwa wa mwisho. Mzee Aloisi ndiye aliyegundua na kurudi. Alimkuta ameketi juu ya mzigo kama mtu anayengoja gari. Tulipombeba, mimi nilishika miguu. Alikuwa amevaa raba zilizotoboka, na baridi ya miguu ile ilipita kwenye mikono yangu, na haijatoka mpaka leo.

Abba alisikiliza yote kupitia kwa Hirut, akiwa amefumba macho. Kisha akauliza jina la marehemu.

"Kijiko," nikasema.

"Anauliza jina la ubatizo," Hirut akasema. "Kwetu marehemu haombewi kwa jina la mtaani. Padre hutaja lile alilopewa siku ya ubatizo."

Kazini kote hakuna aliyemwita vingine. Hilo jina nililisoma mara moja tu, kwenye msalaba wa mbao siku ya mazishi kule Rombo, na tangu siku hiyo sikuwa nimelitamka. Nikasema, "Severini."

Abba akalirudia polepole, akilijaribu ulimini.

"Sasa na mimi nataka kitu," nikasema, maana huruma ikikaa sana inasahaulisha kazi. "Asipokunywa maji, hapandi. Chakula nitavumilia. Maji sitavumilia."

Hirut akafikiri. Halafu akamgeukia mjomba wake akaanza kuongea haraka haraka, na nikaona uso wa Abba ukiwa wa mtu anayejua anavutwa kama mbuzi wa mnadani.

"Kwetu kuna maji ya baraka," akaniambia. "Mgonjwa huyanywa asubuhi, kabla ya kula kitu, na hatuhesabu kwamba amefungua. Nimemwambia ayabariki maji yake ya kila siku."

"Mbona hukusema tangu chini?"

"Kwa sababu watu hunywa kikombe. Hakuna aliyewahi kumwomba padre abariki ndoo."

Abba alimtazama Hirut muda mrefu. Kisha masharubu yake yakacheza, akaomba ndoo. Akaisomea sala ndefu, ndoo ya plastiki iliyokuwa imebeba viazi, na wapagazi wote, pamoja na wale wawili wa pete, wakapanga mstari na vikombe vyao. Shabani akasema, "Mimi niachieni ya mtoni, ila mwambieni nayo ayapitie kwa macho."

Nikaweka masharti yangu. Kila tukipumzika, kikombe. Kila tukipumzika, kamba za viatu. Akishindwa mara moja, tunageuka, nadhiri au si nadhiri. Abba akakubali kwa kunigusa paji la uso na msalaba wake. Safari hii sikuutikisa. Hofu haikuniacha hata hivyo. Tulikaa Horombo siku nzima ya ziada, na usingizi niliupata kwa kuiba.

Kutoka kambi ya Kibo, ya mwisho kabla ya kilele, wenzetu wote hupanda usiku. Mimi nilikataa. Giza linaficha midomo ya mgeni, na mimi nilitaka kuiona ile midomo. Tukaanza kulipokucha. Ubaya wake mnaujua: jua likipanda, changarawe inalegea, unapiga hatua mbili unarudishwa moja, na mchana mawingu huja. Njiani tukakutana na makundi yanayoshuka. Kiongozi mmoja, shujaa wa siku zile, akanipigia kelele, "Mwoga! Hiyo maiti unaipeleka wapi?" Hirut akasikia na kuelewa. Sikumjibu yule mtu. Nilimwambia Abba afunge kamba, akafunga.

Alipanda kwa fimbo yake ya ibada, hatua, pumzi, hatua, pumzi. Hirut alinieleza kwamba alipokuwa kijana alikaa kwenye monasteri moja kwao iliyo juu ya jabali wima, ambako watu hupanda kwa kamba ya ngozi, na kwamba huko ndiko alikojifunza kutotazama chini. Alikunywa kila nilipompa. Mchana tukafika ukingoni mwa shimo la Kibo, penye barafu na upepo unaokata masikio, na mzee yu hai na midomo yake ina rangi. Kwa mara ya kwanza tangu Njoro nikashusha mabega.

Ndipo alipokaa juu ya jiwe akaanza kufungua kamba za viatu. Nikacheka. Nilidhani ananitania, kwamba anajipima mwenyewe kabla sijamwambia. Kisha akavuta kiatu kikatoka. Akavuta na soksi.

"Hirut! Anafanya nini?"

Hirut alikuwa amefunika mdomo kwa mikono. "Hawezi kusali na viatu. Kanisani kwetu hakuna mtu anayeingia na viatu. Filipo, sikukumbuka kukuambia, mimi naona tuko nje. Kwake yeye hapa ni ndani."

Siku zote hizo nimelinda tumbo lake, kinywa chake, akili yake, na hatari ilikuwa inatembea ndani ya viatu. Nimeona vidole vya miguu vilivyoganda. Vinakuwa vyeupe kama mshumaa, baadaye vinakuwa vyeusi, na daktari anavikata. Nilijua pia kwamba siwezi kumvisha kwa nguvu mtu aliyesubiri miaka yote ile. Kwa upande wa Mawenzi wingu lilikuwa limeanza kupanda.

Nikamshika Hirut mkono. "Kanisani kwenu sakafu ni nini? Mnakanyaga mawe matupu?"

"Kuna mazulia."

"Basi!"

Nikavua koti langu la maua, nikalikunja juu ya mkoba, nikaviweka vyote juu ya barafu. Hirut akasema maneno machache. Abba akalitazama lile koti, na maua yake, akapanda juu kwa miguu mitupu, akaegemea fimbo. Akaanza.

Sijui lugha yao ya ibada. Ni lugha ya kale, hata Hirut haielewi yote. Ilitoka kwa wimbo wa chini, unaopanda na kushuka, na upepo ukawa unaukata vipande. Nilivumilia kidogo. Kisha nikapiga magoti, nikavua glavu, nikafunika miguu yake kwa mikono yangu. Ilikuwa ya baridi. Ilikuwa baridi ile ile ninayoijua. Nikiwa nimevaa sweta tu, meno yakigongana, nilirudi kwenye ule uwanda na Kijiko, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu, kwamba nimeshika tena miguu ya mtu nisiyeweza kumrudisha.

Halafu kidole kimoja kikacheza kiganjani mwangu. Nikakipulizia hewa ya kinywa na kuendelea kushika.

Nilichagua mwamba mmoja mweusi chini yetu. Nikajiambia, wingu likigusa mwamba ule, namwinua, asali asisali, na hukumu ya Mungu itanikuta nikishuka. Sala ikafika mahali pa majina. Hilo nililijua kwa sababu Hirut alianza kulia, na kila jina lilipotajwa alijibu kwa kilio kidogo. Walikuwa wenzake wa darasani. Wingu likakaribia. Majina hayakuisha. Nikaanza kumhesabia pumzi. Na katikati ya maneno yale ya kale nisiyoelewa hata moja, nikasikia, wazi kabisa, "Severini."

Nililia, vijana. Sina aibu. Kijana wa Rombo aliyekufa na mkate wa mama yake kwenye shati, ambaye mlimani hakuwekewa hata jiwe, alitajwa juu kule kwa jina lake kamili.

Wingu likagusa mwamba. Nikambana vidole vya mguu. Akasema amina.

Nikamketisha, nikainua sweta, nikaweka nyayo zake kwenye tumbo langu tupu. Shikeni hili: si kwa moto, wala kusugua kwa theluji kama wanavyodanganyana. Tumbo la mtu mwingine. Nilipiga yowe, naye akanisikitikia kwa lugha yake. Wekundu uliporudi vidoleni nikamvisha soksi na viatu mwenyewe, na kamba nikafunga mimi.

Tukashuka ndani ya wingu. Nilishika ncha moja ya fimbo, Abba akashika nyingine, Hirut akashika shuka yake nyuma. Sikuona hata magoti yangu. Nilipapasa changarawe kwa kisigino, na kila nilipokosea nilisimama, nikasikiliza. Tulipofika chini kwenye tambarare sikujua kambi iko kulia au kushoto, na ukikosea pale unaingia jangwani. Ndipo nikasikia bati likilia, kwa mbali. Pa, pa, pa. Shabani alikuwa amesimama nje anapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, na alikuwa amepiga tangu wingu lilipofunika mlango. Tuliifuata ile sufuria mpaka tukaigusa. Nikamkumbuka Mzee Aloisi na neno lake la sufuria.

"Saa tisa imepita zamani," Shabani akasema. "Dengu zinapoa."

Vidole vya Abba vilipona vyote, ila ukucha mmoja ulimtoka. Vyangu viwili vya mkono wa kushoto havijasikia kitu mpaka leo. Mke wangu hunituma nitoe chungu motoni kwa mkono huo.

Kabla hawajaondoka walikuja hapa hapa. Hirut alipoona mibuni imejaa kihambani, shambani kwetu hapa nyumbani, na sisi tunamletea chai, alishangaa kama amekuta wavuvi wanaoogopa samaki. Akaomba buni, akatandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga, akafukiza ubani, akatwanga, akapika, akamimina mara tatu. Ile ya tatu, alisema, ndiyo ya baraka, mgeni haondoki kabla yake. Mimi nilikuwa natazama mawingu, nawaza barabara itateleza na gari lao. Abba akaniona.

"Anauliza kama bado unaogopa," akasema Hirut.

"Mwambie bado."

Abba akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akanywa cha tatu.

Sasa malizeni soda zenu, jua linazama na njia ya kushuka huko ina mawe. Kesho mtapewa wageni, na nyuma ya wageni mtapewa wapagazi. Wageni watawaambia majina yao wenyewe. Wapagazi mtawaita Kijiko, Mzungu, Bonge, na wataitika. Kabla hamjapita geti, mwite kila mmoja pembeni umwulize ameshakula nini. Halafu umwulize jina lake, lile ambalo mama yake angelitaja akilia.